Margaret wa New Orleans: Mjane Aliyewalisha Yatima kwa Maziwa na Mkate



Vijana wenzangu wapendwa, leo nataka tumtazame mtu ambaye hayumo kwenye kalenda ya watakatifu. Kanisa halijamtangaza mwenye heri wala mtakatifu, na mimi fratera tu sina mamlaka hayo. Alikuwa mlei, mjane, muuza maziwa na mkate, na hakujua kusoma wala kuandika. Lakini alipofariki mwaka 1882, mji wa New Orleans kule Marekani ulimzika kama unavyozikwa mkuu wa nchi. Anaitwa Margaret Haughery. Wenyeji walimwita Margaret tu, na kila mtu alijua ni nani anayesemwa.

Nimemchagua kwa sababu ya maswali mawili ninayokutana nayo kila nikikaa na vijana. La kwanza: hivi mtu anaweza kutafuta hela kwa bidii na bado akawa mtu wa Mungu? La pili ni zito zaidi, na mara nyingi huulizwa pembeni, wengine wakishaondoka: nifanye nini, maisha yangu yamebomoka? Margaret aliyajibu yote mawili kwa kuyaishi.

Yatima kutoka Ireland

Alizaliwa mwaka 1813 katika jimbo la Leitrim, Ireland, kwenye familia ya Gaffney. Wakulima wa Kikatoliki wa Ireland wakati ule walikuwa na maisha magumu chini ya utawala wa Waingereza. Margaret alipokuwa na miaka mitano hivi, wazazi wake walivuka bahari kwenda Marekani na baadhi tu ya watoto. Wengine waliachwa nyumbani kwa ndugu, kwa matumaini kwamba wangefuata baadaye. Walifikia Baltimore.

Mwaka 1822 homa ya manjano iliingia mjini humo. Baba na mama yake wote wawili walifariki. Margaret alikuwa na miaka tisa tu, kwenye nchi ya watu. Alichukuliwa na mama mmoja aliyekuwa amefahamiana na familia yake safarini, mjane ambaye naye alifiwa na mume kwa homa hiyohiyo. Mama huyo hakuwa Mkatoliki. Alimpa mahali pa kulala, na Margaret akakua akifanya kazi za ndani. Shule hakuiona. Ndiyo maana mpaka anakufa hakuweza kuandika jina lake.

Mwaka 1835 aliolewa na kijana wa Kiireland, Charles Haughery. Charles alikuwa na afya mbaya, hivyo wakahamia New Orleans, kusini, kwenye joto, wakitumaini angepata nafuu. Wakapata mtoto wa kike, Frances. Afya ya Charles haikutengemaa. Akapanda meli kwenda Ireland kujaribu kupona, akafia huko. Muda si mrefu, Frances naye akafariki.

Hebu simama hapo kidogo. Hajafikisha miaka 25. Wazazi hana, mume hana, mtoto hana, elimu hana, pesa hana.

Tusiseme haraka kwamba ni mpango wa Mungu

Kwenye misiba yetu tuna maneno tuliyoyazoea. Tunamwambia mfiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, halafu tunaenda kunywa chai. Tunayasema kwa nia njema, sikatai. Lakini mimi siamini kwamba Mungu alimchukua Frances ili yatima wa New Orleans wapate mama. Mungu si mfanyabiashara wa kubadilishana watoto. Yesu mwenyewe alipofika kaburini kwa Lazaro alilia, wakati alijua anakwenda kumfufua. Kifo ni adui, na imani yetu haitulazimishi kukiita rafiki.

Ninachoamini ni kwamba Mungu hamwachi mtu ndani ya shimo. Neema inafanya kazi na kile kilichobaki, hata kama kilichobaki ni kidogo mno. Kwa Margaret, kilichobaki kilikuwa mikono miwili.

Kutoka pasi hadi ng'ombe wawili

Alipata kazi ya udobi katika hoteli moja kubwa mjini. Alifua na kupiga pasi nguo za wageni matajiri. New Orleans ilikuwa mji wa bandari wenye utajiri mkubwa wa pamba na sukari. Tusifiche historia: ulikuwa pia soko kubwa kuliko yote la watumwa nchini Marekani, na utajiri ule ulitoka kwenye migongo ya Waafrika. Kulikuwa vilevile na maelfu ya wahamiaji maskini, na homa ya manjano ilirudi mara kwa mara. Kila ilipopita, iliacha yatima.

Masista wa Upendo walikuwa wakiwatunza watoto hao, na mmoja wao, Sista Regis Barrett, akawa rafiki wa Margaret mpaka mwisho. Margaret alianza kwa kuwapa sehemu ya mshahara wake wa udobi. Baadaye akaacha hoteli, akaenda kufanya kazi kwa masista. Chakula kilipokosekana alizunguka sokoni na kwa wafanyabiashara, akiomba mabaki mazuri kwa ajili ya watoto.

Sasa hapa ndipo akili yake ya biashara inapoonekana. Aliona kwamba kuomba kuna kikomo. Leo unapewa, kesho unanyimwa, na watoto wanahitaji maziwa kila siku. Akakusanya akiba yake, akanunua ng'ombe wawili. Watoto wakanywa maziwa, na yaliyobaki akayapakia kwenye mkokoteni akauza nyumba kwa nyumba. Faida akanunulia ng'ombe wengine. Baada ya miaka michache alikuwa na ng'ombe wapatao 40, na wateja mji mzima wakimsubiri na mkokoteni wake. Nyumba kubwa ya yatima wa kike ilipojengwa mtaa wa Camp na kubaki na deni, pesa ya maziwa ilisaidia kulimaliza.

Nadhani wengi wetu tunamjua Margaret kwa sura nyingine. Matanga yakishaanuliwa na ndugu wakishapanda mabasi kurudi kwao, mjane anabaki na watoto na jiko. Mama yangu alianza na ndoo moja ya maandazi baada ya baba kufariki. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Ada yangu ya seminari ndogo ilitoka kwenye ndoo ile. Kwa hiyo nikisoma habari za mkokoteni wa maziwa, sioni kitu cha mbali. Tofauti ni bara na karne tu.

Mwanamke wa mkate

Biashara ya pili aliipata kwa njia ambayo hakuipanga. Alikuwa amekopesha fedha kwa mwenye kiwanda cha mkate, kiwanda kikayumba, na Margaret akaona njia pekee ya kutopoteza pesa ni kukichukua mwenyewe. Hilo lilitokea kuelekea mwaka 1860. Mkate hakuwa ameusomea popote. Lakini alijifunza, akauza ng'ombe, akaweka nguvu zote huko. Kiwanda chake kilitumia mashine za mvuke wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni kabisa kusini mwa Marekani. Mikate na biskuti zake zilijulikana kote mjini, na nyumba za yatima ziliuziwa kwa bei ndogo mno.

Alikuwa anakaa mlangoni mwa ofisi yake, na watu wa kila aina walimfuata hapo: mabenki, wapagazi wa bandarini, ombaomba, watoto wa kuuza magazeti. Inasimuliwa kwamba alipompa mtu mkate, wakati mwingine aliukata vipande viwili kwanza, kwa sababu mkate mzima ungeweza kuuzwa ili kununua pombe, lakini nusu hakuna anayeinunua. Yaani upendo wake ulikuwa na macho. Inasemekana pia kwamba hakuwahi kuwa na zaidi ya magauni mawili, na tajiri alikuwa yeye!

Katika darasa la falsafa tulisoma jinsi Aristotle alivyotofautisha kutafuta mali kwa ajili ya kuitunza nyumba na kutafuta mali kwa ajili ya mali. Ya kwanza ina mwisho wake, kwa sababu nyumba ikishiba imeshiba. Ya pili haina mwisho, kwa sababu namba hazishibi. Margaret hakumsoma Aristotle, lakini alijua nyumba yake ni ipi. Nyumba yake ilikuwa na mamia ya watoto, na kila alipopata faida alijua inakwenda kwa nani. Kwa hiyo swali lile la kwanza lina jibu: pesa si dhambi, ila lazima ujue inamtumikia nani.

Homa na vita

Mwaka 1853 homa ya manjano iliua karibu watu 8,000 mjini New Orleans katika msimu mmoja. Ugonjwa uleule ulioua wazazi wake. Waliokuwa na uwezo walikimbia mji. Margaret alibaki, akaingia nyumba kwa nyumba kuwahudumia wagonjwa wa kila dini, na akina mama waliokuwa wanakufa walimkabidhi watoto wao. Miaka michache baadaye alisaidia masista kuanzisha nyumba ya watoto wachanga ya Mtakatifu Vinsenti, iliyofunguliwa mwaka 1862.

Mwaka huohuo, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, jeshi la kaskazini liliuteka mji. Jenerali Benjamin Butler akaweka mipaka ya kijeshi na chakula kikawa shida. Inasimuliwa kwamba Margaret aliendelea kupitisha unga na mkate kwa wenye njaa. Alipoitwa na kutishiwa kuuawa, alimwuliza jenerali kama Rais Lincoln ametaka maskini wafe njaa. Jenerali akamwacha aendelee.

Wosia wenye alama ya msalaba

Margaret alifariki tarehe 9 Februari 1882, akiwa na miaka 68. Katika maziko yake walikuwepo maaskofu, viongozi wa serikali, na watoto yatima wengi sana. Alizikwa kaburi moja na rafiki yake Sista Regis.

Wosia wake uliposomwa, mali yake ilikuwa imegawiwa kwa nyumba za yatima za mji: za Wakatoliki, za Waprotestanti na za Wayahudi. Na pale panapotakiwa sahihi palikuwa na alama ya msalaba, kwa sababu ndiyo pekee aliyoweza kuandika. Mimi alama hiyo naiona kama mahubiri. Kuna watu wenye digrii, nami nimo, ambao hatujawahi kuweka sahihi kwenye jambo kubwa kama lile.

Wananchi walichanga fedha, nyingi zikiwa sarafu ndogondogo, na mwaka 1884 ikazinduliwa sanamu yake ya marumaru. Ni miongoni mwa sanamu za kwanza za mwanamke kusimamishwa hadharani Marekani. Amekaa kwenye kiti cha kawaida, amejitanda shali, amemkumbatia mtoto. Chini pameandikwa neno moja: Margaret.

Sisi je?

Kijana mwenzangu, kama uko kwenye msiba sasa hivi, sikuandikii haya ili ukimbie kufungua biashara kesho. Lia kwanza. Margaret naye alianza kwa kufua nguo, si kwa kumiliki kiwanda. Lakini siku moja utaamka na utaona kuna kitu kimebaki mikononi mwako. Usikidharau kwa sababu ni kidogo.

Na wewe ambaye hujafiwa, nina mambo matatu ya wiki hii:

1. Mtafute mjane mmoja anayefanya biashara ndogo parokiani au mtaani kwako. Nunua kwake, na usimpunguzie bei.
2. Kama una biashara yako, hata ya vocha au mitumba, amua leo sehemu gani ya faida ni ya maskini. Iandike kwenye daftari kama matumizi mengine. Usisubiri utajirike kwanza.
3. Kwenye jumuiya yenu, ulizeni: kuna mjane ambaye tulimzikia mume, halafu hatujarudi tena nyumbani kwake? Rudini. Msiende mikono mitupu.

Tuombe:

Ee Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, tunakukabidhi akina mama wote wanaoamka usiku kukanda unga, kukamua na kupanga bidhaa ili watoto wao wale. Wape nguvu, wateja waaminifu na majirani wenye huruma. Sisi vijana utupe mikono isiyo mizito kutoa na macho yanayoona. Marehemu wetu uwapumzishe kwa amani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nami mniombee katika safari ya wito.