Cousteau: Mzamiaji wa Kifaransa na Kisa Tulichomzulia

Kuna kisa kimoja ambacho nimekisikia mara nyingi tangu nilipohamia Nairobi, na kila nikisikiapo roho hunisuta. Mara ya kwanza nilikisikia Kibera, mwaka 1989, kwenye baraza ya wazee wa Kinubi baada ya sala ya Isha. Mara ya pili kilinifikia Kawangware, ninakokaa, katika kanda ya mawaidha iliyokuwa ikipigwa dukani. Ati yule mzamiaji mashuhuri wa Kifaransa, Jacques Cousteau, aliona chini ya bahari maji ya namna mbili yakikutana bila kuchanganyika, akasomewa aya ya Qur'ani itajayo bahari mbili na kizuizi baina yao, akasilimu papo hapo.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa Lamu, wazee wale walinigeukia niwathibitishie. Huku bara, mtu wa pwani hudhaniwa kuwa ajua kila kilichomo baharini. Nami nikatikisa kichwa kukubali, ilhali sikuwa na ujuzi wowote wa jambo hilo. Basi leo nataka kumweleza marehemu huyo kama alivyokuwa, kwa mema yake na mabaya yake, ili deni la kichwa kile nilichokitikisa nilipunguze kidogo.

ALITAKA KURUKA, AKAZAMA

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 huko Saint-André-de-Cubzac, mji mdogo karibu na Bordeaux. Mwaka 1930 aliingia chuo cha maofisa wa jeshi la majini, na azma yake ilikuwa kuwa rubani. Lakini mwaka 1936 ajali ya gari ilimvunja mikono, na ndoto ya kuruka ikaishia hapo. Ili mikono irudi nguvu, akawa anaogelea karibu na mji wa Toulon. Rafiki yake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kuogelea. Akainamisha uso majini, akaona samaki, nyasi na miamba kwa uwazi ambao hakuwahi kuudhania. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Mwaka 1937 alimwoa Simone Melchior, binti wa ukoo wa wanamaji, wakajaaliwa watoto wawili wa kiume, Jean-Michel na Philippe.

Wakati ule mzamiaji alivaa kofia ya shaba na viatu vya risasi, akafungwa kwa mpira wa hewa uliotoka chomboni kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Wazamiaji wa lulu wa Ghuba, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wenye asili ya pwani yetu, walizama kwa jiwe na pumzi moja tu. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Cousteau alishirikiana na mhandisi Émile Gagnan. Gagnan alikuwa ametengeneza kilango cha kupitishia gesi kwenye magari, kwa vile petroli ilikuwa adimu. Wakakigeuza kilango hicho kimpe mzamiaji hewa ya mtungi kila avutapo pumzi, kwa nguvu iliyo sawa na ile ya maji yanayomzunguka. Hivyo binadamu aliweza kwenda chini ya maji huru kama samaki, bila ya kamba wala mpira wa kumfunga na chombo.

PAPA

Mwaka 1950 alipata meli, Calypso, iliyokuwa imejengwa Marekani kwa kazi ya kutegua mabomu ya baharini. Tajiri mmoja wa Kiingereza aliinunua akampangisha kwa faranga moja kwa mwaka. Mapema mwaka 1954 meli hiyo ilikuwa Abu Dhabi, wazamiaji wake wakichukua mawe ya sakafu ya bahari kwa ajili ya kampuni ya mafuta. Vijana wetu wengi waliokwenda kutafuta riziki huko Ghuba hawakujua kwamba mkono wa Cousteau ulipita hapo kabla yao.

Mwaka huohuo Calypso ilifika Aldabra, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Afrika. Wengi huamini jina hilo latokana na Kiarabu, al-khadhra, yaani ya kijani, na kwamba mabaharia wa Kiarabu walikijua kisiwa hicho zamani sana. Aldabra ni pete ya matumbawe yenye urefu wa kilomita 34 hivi, na katikati yake mna ziwa la maji ya chumvi. Pete hiyo imekatwa na milango michache, na mlango mkuu hupitisha zaidi ya nusu ya maji yote yanayoingia na kutoka.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana juu ya mlango. Nahodha wa Lamu hatoki mpaka ajue maji yajaa au yapwa, na siku za bamvua huongeza hadhari. Aldabra ni vivyo hivyo, ila kwa nguvu zaidi, kwa sababu bahari nzima yalazimishwa kupita kwenye tundu. Mzamiaji wa mahali kama hapo hashindani na mkondo. Hujitupa upande wa nje maji yanapojaa, akajiachia, nao ukamchukua hadi ndani kama jani, huku mashua ikifuata mapovu yake juu. Akikosea saa, maji yakaanza kupwa, mkondo huohuo utamtupa bahari kuu.

Papa hupenda milango kama hii. Katika mlango mmoja wa Fakarava, visiwa vya Polinesia, wanasayansi walihesabu papa wapatao 700. Huelekeza vichwa vyao kwenye mkondo, wakaegemea maji yanayopanda, wakapumzika pasipo kupoteza nguvu. Mzamiaji apitaye katikati yao huona macho mengi yakimtazama, kisha hakuna linalotokea. Papa si mlinzi wa mlango wala si jini. Naye huupanda mkondo kama wewe.

Cousteau hakulijua hilo tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, karibu na visiwa vya Cape Verde, yeye na mwenzake Frédéric Dumas walizingirwa na papa baharini. Dawa waliyopewa ya kuwafukuza haikufaa kitu, na papa mmoja alipomjia karibu, alimpiga puani kwa kamera. Hofu hiyo ilimkaa moyoni.

DAMU BAHARINI

Filamu yake, Le Monde du silence, ambayo nyingi katika picha zake zilipigwa kisiwa cha Assumption, jirani ya Aldabra, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Ndani yake mna chewa aliyezoeana na wazamiaji hata akawafuata kama paka. Lakini mna mengine pia. Walilipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki waliokufa, jambo ambalo leo mvuvi wa Pwani hukamatwa kwalo. Walipanda migongo ya kasa. Calypso ikamkata nyangumi mchanga kwa rafadha yake, wakampiga risasi asiteseke, na papa walipokuja kula, mabaharia wakawavuta juu ya sitaha na kuwaua kwa hasira, kana kwamba papa ndio waliomjeruhi nyangumi yule.

Niliitazama filamu hiyo katika banda la video huko Kawangware, pamoja na vijana ambao wengi wao hawajaiona bahari. Walishangilia papa walipokuwa wakipigwa. Mimi nimekula papa mkavu kwa nazi tangu utotoni, wala sioni haya, lakini kuua kwa chakula na kuua kwa kisasi ni vitu viwili mbali.

Mwaka 1963 aliteremsha nyumba ya chuma chini ya Bahari Shamu, mahali paitwapo Sha'ab Rumi katika pwani ya Sudani, na wanaume watano wakakaa humo mwezi mzima, papa wakipita madirishani. Mwaka 1979 mwanawe Philippe, mrithi wake na mwenzake wa safari, alikufa katika ajali ya ndege huko Lisbon. Katika miaka hiyo ya baadaye mwuaji papa wa zamani aligeuka mtetezi wa bahari. Alipinga utupaji wa taka za sumu, na mwaka 1990 alikusanya saini za watu wengi sana ili bara la Kusini la barafu lisichimbwe madini. Mwaka uliofuata mataifa yakatia saini mkataba wa kulihifadhi.

UKWELI WA KISA

Je, alisilimu? La. Mwaka 1991 jumuiya yake ilikanusha kwa maandishi. Alipofariki tarehe 25 Juni 1997, aliombewa misa katika kanisa la Notre-Dame la Paris, akazikwa mji aliozaliwa. Na kukutana kwa maji mazito ya Mediterania na maji ya Atlantiki kulijulikana na wataalamu kabla yake. Maji hayo hukaa kwa tabaka kwa sababu ya chumvi na uzito, kisha huchanganyika polepole.

Miezi michache baada ya kifo chake nilirudi Kibera, kwenye baraza ileile, nikawaambia wazee kwamba nilitikisa kichwa kwa jambo nisilolijua. Palikuwa na kimya. Kisha mmoja wao, ambaye babu yake alitoka Sudani na jeshi la Mwingereza, akasema kuwa Surat al-Furqan na Surat ar-Rahman zilikuwapo kabla ya Mfaransa huyo na zitabaki baada yake, na kwamba shahidi wa uongo huidhuru kesi iliyo ya haki.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: maji machafu yapitayo chini ya nyumba zao huishia wapi? Nikamweleza kwamba ya Kibera huingia mto Ngong, na ya Kawangware huingia mto Nairobi. Yote hukutana mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi kaskazini ya Malindi. Hapo, wakati wa mvua, mtu husimama ufuoni akauona mpaka baina ya maji mekundu ya mto na maji ya buluu ya bahari, bila ya kuhitaji mtungi wala Mfaransa. Mzee akatazama mtaro ulio mbele ya mlango wake, akamwita mjukuu wake, akamwamuru aondoe mifuko ya plastiki iliyokuwa imeuziba.