PADRE ALEXIS KAGAME: ALIYEOKOA MANENO YA WAZEE



Wazazi wengi wamekuwa wakituuliza swali moja. Watoto waliozaliwa ukimbizini watajuaje habari za kwao, na hali wazee wanatutoka mmoja baada ya mwingine? Mzee akifa, tunamzika na nyimbo zake, na methali zake, na majina ya vijiji ambavyo hakuna mtoto aliyevifikia. Ndiyo sababu katika toleo hili tunawaletea maisha ya mtumishi wa Mungu wa hapa hapa Rwanda, Padre Alexis Kagame, aliyekuwa mtunga mashairi, mwandishi wa historia na mwalimu. Tutaangalia zaidi jinsi alivyofanya kazi yake ya kuandika, maana humo tunaona mambo ambayo hata mtu mwenye daftari moja na kalamu moja anaweza kuyafuata.

KUZALIWA NA MALEZI

Alexis Kagame alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 huko Kiyanza, katika eneo la Buriza, kaskazini mwa Kigali. Leo ni Wilaya ya Rulindo. Wakati ule Kigali ilikuwa kituo kidogo tu ambacho Mjerumani Richard Kandt alikianzisha mwaka 1907. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, lakini mfalme, Yuhi Musinga, alikuwa bado na nguvu nyingi katika makao yake ya Nyanza. Baada ya Vita Kuu ya kwanza walikuja Wabelgiji.

Ukoo wake ulikuwa wa abiru. Hao walikuwa watunza siri na mila za ufalme. Kazi yao ilikuwa kukumbuka. Hawakuwa na vitabu, wala karatasi, na neno lililokabidhiwa kwa baba lilipaswa kufika kwa mwana bila kupotoshwa. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia mahali ambapo maneno yalitunzwa kama mali ya nyumba.

Baadaye watu wa jamaa yake waliingia Ukristo. Kijana Alexis alisoma katika seminari, akaendelea mpaka Seminari Kuu ya Nyakibanda, akapewa upadre mwaka 1941. Pia alikuwa mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki kwa Kinyarwanda lililoanzishwa mwaka 1933. Hapo alijifunza kuandika kwa ajili ya watu wa kawaida, wasomaji wanaotaka kuelewa jambo upesi.

ALISIKILIZA KABLA YA KUANDIKA

Jambo la kwanza katika kazi yake ni kwamba hakuanza na kalamu. Alianza na sikio. Tangu akiwa mseminari katika miaka ya 1930 alikuwa akiwaendea wazee waliojua mashairi ya kifalme, yaitwayo ibisigo, na kuyaandika kadiri walivyoyasema. Mfalme Mutara Rudahigwa, ambaye mwenyewe alibatizwa mwaka 1943, alikuwa rafiki yake na alimfungulia milango, hata watunza mashairi wakakubali kumwambia mambo ambayo mgeni asingeambiwa.

Mashairi hayo ni magumu. Yana maneno ya kale, na mafumbo juu ya mafumbo, hata Mnyarwanda wa leo anaweza kuyasikia asipate maana. Padre Kagame hakuridhika na kuandika maneno peke yake. Aliuliza shairi lilitungwa na nani, wakati wa mfalme gani, na kwa sababu gani. Mwaka 1951 alitoa kitabu kwa Kifaransa juu ya mashairi hayo, ambamo yamepangwa pamoja na watunzi wake na nyakati zao. Tukiyasoma mapokeo hayo tunakuta hata jina la mwanamke, Nyirarumaga, mama mlezi wa Mfalme Ruganzu Ndoli, ambaye wazee walisema ndiye aliyeanzisha utungaji wa namna hiyo. Kina mama wa kwaya zetu watafurahi kusikia hilo.

Tunajua mfano wa kazi kama hiyo katika Maandiko. Mwinjili Luka anaanza kitabu chake kwa kueleza kwamba alichunguza habari zote kwa bidii, kutoka kwa walioona tangu mwanzo, ndipo akaandika kwa taratibu. Roho Mtakatifu hakumzuia Luka kuuliza maswali.

ALIANDIKA KWANZA KWA LUGHA YA NYUMBANI

Jambo la pili ni uchaguzi wa lugha. Padre Kagame alikijua Kifaransa vizuri sana, na Kilatini pia. Angeweza kuandika kwa lugha za wenye vyeo peke yake na kusifiwa nazo. Lakini kazi zake kubwa za kwanza alizitoa kwa Kinyarwanda. Inganji Karinga, historia ya kale ya Rwanda, ilitoka katika sehemu mbili, mwaka 1943 na mwaka 1947.

Mashairi yake pia aliyatunga kwa Kinyarwanda kwanza, kisha yeye mwenyewe akatafsiri sehemu kwa Kifaransa. Tuangalie mpangilio huo. Mtu anayewaza kwa lugha ya wengine toka mwanzo huchagua yale tu ambayo lugha ile inaweza kubeba. Aliyetunga kwa lugha ya mama yake anafika kwa wageni akiwa na mzigo kamili, hata kama mwingine utadondoka njiani.

ALITUMIA CHOMBO KILICHOKUWAPO

Jambo la tatu ndilo linalotugusa zaidi kama Kanisa. Kazi yake kubwa ya ushairi inaitwa Umulirimbyi wa Nyili-ibiremwa, yaani Mwimbaji wa Mwenye Viumbe. Ni utenzi mrefu sana, wenye maelfu ya mistari, unaosimulia uumbaji na historia ya wokovu. Swali lililokuwa mbele yake lilikuwa hili: habari ya Mungu aliyeumba mbingu na nchi iimbwe kwa sauti gani, ili Mnyarwanda asiisikie kama habari iliyoshushwa kutoka kwenye meli?

Jibu lake lilikuwa ng'ombe. Katika Rwanda ya zamani kulikuwa na mashairi ya kusifu ng'ombe, amazina y'inka. Kila ng'ombe wa kundi la kifalme alikuwa na sifa zake, akiimbwa kama shujaa wa vita. Mashairi hayo yana kipimo chake, kinachohesabu irabu fupi na ndefu, kama vile utenzi wa Kiswahili unavyohesabu mizani. Padre Kagame alichukua sauti hiyo ya wachungaji, akaitumia kumsifu Mungu. Aliugawa utenzi wake katika mikesha, kama watu wanaokaa usiku kusikiliza mwimbaji, wakaenda kulala, wakarudi kesho yake. Mkesha wa kwanza aliutoa kwa Kifaransa mwaka 1952, na wa pili, juu ya kuzaliwa kwa ulimwengu, mwaka 1955.

Wenzetu waliotoka katika milima ya Itombwe na Masisi wanaelewa mara moja, maana wanajua ng'ombe akisifiwa. Lakini hata wenzetu wa Uvira na Fizi, waliolelewa kando ya ziwa, wana nyimbo za wavuvi na za kupiga makasia. Mfalme Daudi alikuwa mchungaji wa kondoo, naye akaimba juu ya Mungu kama mchungaji. Kila mtu humsifu Mungu kwa kile alichokishika mkononi.

HAKUOGOPA KICHEKO

Watu wengine hudhani padre anayeandika lazima awe na uso wa mazishi. Padre Kagame hakuwa hivyo. Mwaka 1949 alitoa shairi liitwalo Indyohesha-birayi, maana yake kile kinachotia viazi utamu. Kitu chenyewe ni nguruwe! Alichukua lugha ya fahari iliyozoea kusifu ng'ombe wa mfalme, akampa nguruwe, mnyama ambaye watunzi wa zamani hawakuwa na habari naye. Watu walicheka, na mpaka leo wanaolisoma wanacheka.

Lakini tusidhani ilikuwa mchezo tu. Ni mtu anayeijua kanuni vizuri ndiye anayeweza kuigeuza ikachekesha. Tena mahali penye huzuni nyingi, kicheko kisicho na matusi ni zawadi. Tunaona hivyo hata katika vikao vyetu vya jioni.

ALIPOONDOLEWA NCHINI MWAKE

Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya taratibu za utawala wa Rwanda kabla ya wakoloni. Serikali ya Kibelgiji haikukipenda, ikaona kina harufu ya siasa. Ikamsukuma askofu wake amhamishe. Akapelekwa Roma.

Hakuwa mkimbizi kama sisi, maana alikuwa na makao na chakula. Hata hivyo aliwekwa mbali na wazee wake na vyanzo vyake kwa sababu ya maneno aliyoandika. Alifanya nini huko? Alisoma. Mwaka 1955 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikatoka kama kitabu, falsafa ya Wabantu wa Rwanda juu ya kuwapo.

Kitabu kile ni kikubwa, lakini wazo lake kuu mtoto anaweza kulishika. Padre Kagame aliangalia sarufi ya lugha ya mama yake na kuona kwamba imegawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, mwenye akili, ikintu, kitu kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, jinsi jambo lilivyo. Yote yana shina moja, ntu. Sasa tusikilize lugha zetu wenyewe. Kiswahili kinasema mtu na kitu, na maneno yenye uzito huitwa maneno kuntu. Kifuliiru kinasema mundu. Padre huyu, akiwa peke yake katika mji wa ugenini, alionyesha wasomi wa Ulaya kwamba bibi zetu walipokuwa wakizungumza jikoni walikuwa wamebeba falsafa. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine kinacholinganisha lugha nyingi za Kibantu juu ya jambo hilo hilo.

Alirudi Rwanda mwaka 1958. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa huko Butare mwaka 1963, alikuwa miongoni mwa maprofesa wake wa kwanza, na alikuwa akienda pia kufundisha Lubumbashi, kwetu Kongo. Kuanzia mwaka 1971 aliitwa na UNESCO katika kamati ya kuandika historia kuu ya Afrika. Alifariki huko Nairobi tarehe 2 Desemba 1981.

TUSEME KWELI YOTE

Tusingekuwa waaminifu kama tungemsifu tu. Wasomi waliokuja baadaye, kama Jan Vansina, walipinga tarehe nyingi alizowawekea wafalme wa kale, na walisema kwamba alisikiliza mno watu wa ikulu. Aliyeshika jembe, aliyefinyanga vyungu, mjane wa kilimani, sauti zao hazisikiki sana katika vitabu vyake. Nasi tunajua jinsi habari za zamani zilivyokuja kutumiwa vibaya katika ukanda wetu huu, zikawa silaha ya kuwagawa ndugu.

Hilo halifuti kazi yake. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa wazee wengi waliobeba mambo kichwani ambayo hakuna aliyeyaandika. Yale aliyoyaandika Padre Kagame yamebaki. Lakini linatufundisha namna ya kuandika. Tusimsikilize mzee mmoja peke yake, wala ukoo mmoja. Tusimfundishe mtoto historia kwa kumjaza chuki. Tumpe kweli, pamoja na machozi yake, lakini bila sumu.

NA SISI JE?

Yoshua aliwaamuru watu wachukue mawe kumi na mawili kutoka Yordani, ili watoto wakiuliza siku moja, wazazi wawe na la kujibu. Mawe yetu ni maneno. Tunaziomba familia zinunue daftari moja tu. Jumapili baada ya ibada, kijana akae na babu au bibi, aandike wimbo mmoja, au methali, au jina la mto na kijiji. Aandike kwa lugha ile ile aliyoambiwa. Tafsiri itafuata. Aandike pia nani aliyesema, alizaliwa wapi, na tarehe ya siku hiyo. Neno lisiloeleweka aliulize pale pale, maana mwaka kesho huenda hakuna wa kumwuliza. Na kama bibi akisema jambo la kuchekesha, liandikwe nalo.

Watunzi wa kwaya nao tunawahimiza wazitafute sauti za kwao, za wachungaji na za wavuvi, wazilete mbele za Bwana.

Mungu awabariki wazee wetu, awape siku zaidi, na awape vijana wetu masikio ya kusikia. Amina.