Lister, munganga aliyehesabu wafu

Ndugu wachimbaji, sisi tunajua muguu wenye kuvunjika na mufupa kutoka inje. Zamani mara nyingi waliukata, na wengi walikufa juu ya kidonda kuoza. Joseph Lister (1827–1912), Muingereza, alisoma kazi za Pasteur, akaona adui ni mikrobe.

Tarehe 12/8/1865, ku lopitalo ya Glasgow, alifunga na asidi feniki muguu wa mutoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gari. Mutoto alipona na muguu wake.

Lister akahesabu: mbele ya ile dawa, katika watu 35 waliokatwa viungo, 16 walikufa, kisha, katika 40, walikufa 6. Pole pole hesabu ilishinda wabishi.

Na sisi tudai kila jeraha la mine liandikwe. Chenye hakihesabiwe, hakuna mwenye atakitengeneza.