Robert Hooke na Kamani
Mwanafunzi, iwapo unaishi Mwadui au penginepo, bila shaka umepata kuona gari la waya na makopo. Robert Hooke, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1635, naye alipenda kuunda vitu. Utotoni aliugua mara kwa mara, masomo yakakatizwa. Alipoona saa ya shaba imefunguliwa, aliunda yake ya mbao, nayo ikaenda. Mwaka 1648 alifiwa na baba, lakini hakuacha kuchunguza. Mwaka 1678 alieleza kuwa kamani ikivutwa kwa nguvu maradufu, ongezeko la urefu wake nalo huwa maradufu, mradi isivutwe kupita kiasi. Alifariki mwaka 1703. Unda gari la kamani. Ikaze, kisha iachie: nishati iliyohifadhiwa italiendesha. Je, ukiikaza zaidi, litafika wapi? Pima.