Okot p'Bitek: Profesa aliyehoji tafsiri

KIBULI, Kampala. Kutoka hapa hadi kilima cha Makerere ni safari fupi ya bodaboda. Huko ndiko Okot p'Bitek alikuwa akifundisha alipofariki Julai 1982, akiwa na miaka 51.

Wengi wanamjua kwa Wimbo wa Lawino. Wachache wanajua usomi wake, nao ndio ulioudhi wakubwa. Mzaliwa huyu wa Gulu alikwenda Uingereza na timu ya soka ya Uganda, akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, anthropolojia Oxford.

Aliporudi aliuliza ni nani mwenye haki ya kueleza imani na maadili ya Mwafrika. Alisimulia jinsi wamisionari wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewafinyanga. Swali halikueleweka. Walipobanwa, wakataja Rubanga, pepo aliyeaminika kupinda watu migongo. Jina hilo likawa la Mungu wa Wakristo! Aliyewahi kupatana bei kupitia mkalimani pale Elegu anaijua hasara ya namna hiyo.

Alipoondolewa kwenye ukurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni, alivuka mpaka, akafundisha Kenya miaka mingi. Insha zake kuhusu msanii kama mtunga maadili ya jamii zilichapishwa mwaka 1986, yeye akiwa kaburini.