Kabumbu: Duncan Edwards, kijana wa Manchester United aliyeng'aa Zurich na kufariki akiwa na miaka 21 tu

Mashindano ya vijana ya Blue Stars yalianzishwa mjini Zurich, nchini Uswisi, mwaka wa 1939. Yanaitwa kwa jina la klabu ndogo ya mji huo inayoyaandaa, na tangu mwaka wa 1991 yako chini ya ulinzi wa FIFA. Klabu iliyoyashinda mara nyingi kuliko zote ni Manchester United ya Uingereza: mara 18, kuanzia 1954 hadi 2005. Katika ekipe iliyoleta kombe la kwanza, lile la mwaka wa 1954, alikuwemo kijana wa miaka 17 kwa jina la Duncan Edwards. Miaka minne baadaye alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Edwards alizaliwa tarehe 01 Oktoba 1936 huko Dudley, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma katikati ya Uingereza. Baba yake Gladstone alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na mama yake aliitwa Sarah Ann. Wazazi hao walipata pia mtoto wa kike, lakini alifariki mwaka wa 1947 akiwa bado mchanga. Duncan akabaki mtoto wao wa pekee.

Shuleni alicheza ngoma za asili za Kiingereza pamoja na mpira, lakini mpira ndio uliomchukua. Alikuwa na mwili mkubwa kuliko wenzake wa rika moja. Mwezi wa nne 1950, akiwa na miaka 13, aliichezea Uingereza ya wanafunzi dhidi ya Wales katika uwanja wa Wembley. Baadaye akawa kapiteni wa ekipe hiyo.

Klabu za karibu na kwao, kama vile Wolverhampton Wanderers na Aston Villa, zilimtamani. Yeye alichagua Manchester United, iliyokuwa mbali zaidi na nyumbani, na akaingia huko mwezi wa sita 1952. Wakati huohuo alianza kujifunza useremala, ili awe na kazi nyingine mkononi kama mpira ungemkataa.

Ekipe ya watoto wa Busby

Kocha Matt Busby na msaidizi wake Jimmy Murphy walikuwa na wazo ambalo wengi waliliona la hatari. Badala ya kununua wachezaji waliokomaa, walitaka kuwalea vijana wao wenyewe, wakae pamoja, wacheze mtindo mmoja, kisha wapandishwe mmoja mmoja hadi ekipe ya wakubwa. Magazeti yakawaita watoto wa Busby.

Edwards alikuwa ushahidi mkubwa wa wazo hilo. Tarehe 04 Aprili 1953, akiwa na miaka 16 na siku 185, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi ya daraja la kwanza dhidi ya Cardiff City. United ilipigwa 4 kwa 1 siku hiyo, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Hata hivyo, kupanda kwake hakukumwondoa kwa vijana. Chama cha mpira cha Uingereza kilikuwa kimeanzisha kombe la vijana katika msimu wa 1952-1953, na United ililibeba katika miaka mitano ya kwanza mfululizo. Edwards alikuwemo katika tatu za kwanza: 1953, 1954 na 1955. Mara ya tatu alikuwa tayari mchezaji wa timu ya taifa ya wakubwa, na wako waliolalamika kwamba si haki kumpanga dhidi ya watoto. Kisheria alikuwa na umri unaoruhusiwa, na Busby hakurudi nyuma.

Safari ya Zurich ya mwaka wa 1954 ilikuwa sehemu ya malezi hayo. Wengi wa vijana wale walitoka katika familia za wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani. Kwao, kuvuka bahari na kucheza dhidi ya vijana wa nchi nyingine lilikuwa jambo jipya. Miongoni mwao alikuwemo pia Bobby Charlton. Busby alitaka wazoee viwanja vya kigeni mapema, na miaka miwili tu baadaye jambo hilo lilizaa matunda.

Kutoka Zurich hadi Kombe la Ulaya

Tarehe 02 Aprili 1955, Edwards aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza, ikaipiga Scotland 7 kwa 2. Alikuwa na miaka 18 na siku 183. Hakuna mchezaji aliyemshinda kwa udogo katika timu hiyo hadi Michael Owen mwaka wa 1998. Mwezi wa tano 1956, mjini Berlin, alifunga goli kwa shuti kali dhidi ya Ujerumani Magharibi, iliyokuwa bingwa wa dunia. Uingereza ilishinda 3 kwa 1.

Kazi yake hasa ilikuwa kiungo wa kushoto, lakini Busby aliweza kumweka nyuma au mbele kadiri mechi ilivyotaka. Alikuwa na nguvu, alipiga mpira kwa miguu yote miwili na kuruka juu kwa vichwa. Katikati ya hayo alitumikia jeshi kwa miaka miwili, kama vijana wote wa Uingereza wa wakati ule, akaichezea ekipe ya jeshi, ya klabu na ya taifa kwa zamu. Mshahara wake haukuweza kupita kikomo kilichowekwa kwa wachezaji wote, kikomo kilichoondolewa mwaka wa 1961 tu. Mjini Manchester alijulikana kama kijana mtulivu, asiyelewa, anayekwenda uwanjani kwa baiskeli.

United ilishinda ligi mwaka wa 1956 na tena 1957. Wakuu wa ligi hawakupenda klabu za Uingereza ziingie katika Kombe jipya la Ulaya, wakihofia mechi zingerundikana. Busby aliingia hata hivyo, na United ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kushiriki. Mwezi wa tisa 1956 iliifunga Anderlecht ya Bruxelles magoli 10 kwa 0, kisha ikafika nusu finali na kutolewa na Real Madrid.

Siku ya Munich

Tarehe 05 Februari 1958, United ilitoka sare ya 3 kwa 3 na Red Star huko Belgrade na kuingia tena nusu finali. Siku ya Jumamosi iliyofuata ilikuwa icheze na Wolverhampton katika ligi, na haikutaka kuchelewa. Ndiyo sababu klabu ilikuwa imekodi ndege yake.

Tarehe 06 Februari, ndege hiyo ilitua Munich kuongeza mafuta. Kulikuwa na theluji. Marubani walijaribu kuruka mara mbili, wakasimamisha. Abiria walirudi ndani ya jengo, na Edwards akatuma telegramu kwa mama mwenye nyumba aliyokuwa akipanga, kumjulisha kwamba safari imefutwa na wangerudi kesho yake. Kisha wakaitwa tena ndegeni. Mara ya tatu, theluji iliyoyeyuka njiani iliipunguzia ndege mwendo. Haikupaa, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Telegramu ilifika Manchester wakati ajali ilikuwa imekwisha kutokea.

Kati ya watu 44 waliokuwa ndani, 23 walipoteza maisha, nane wakiwa wachezaji. Rubani mkuu James Thain alilaumiwa kwa miaka mingi kabla uchunguzi wa Uingereza haujamwondolea lawama.

Edwards alitolewa akiwa hai, lakini miguu, mbavu na figo zake zilikuwa zimeumia vibaya. Madaktari wa hospitali ya Rechts der Isar walileta mashine ya kusafisha damu kutoka mji mwingine. Murphy, ambaye hakuwa ndegeni kwa sababu alikuwa akiifundisha Wales siku hizo, alikwenda kumwona. Edwards alimwuliza saa ya kuanza kwa mechi ya Wolverhampton, maana hakutaka kuikosa. Alipambana siku 15. Alifariki tarehe 21 Februari 1958. Aliiachia United mechi 177 na magoli 21, na timu ya taifa mechi 18 na magoli 5. Alikuwa na mchumba, na kitabu alichoandika cha kufundisha vijana mpira kilitolewa mwaka huohuo, mwenyewe hayupo.

Kilichobaki

Wazo la Busby halikufa naye. Kwa kuwa klabu ilikuwa na vijana wengi nyuma, iliweza kusimama tena. Mwaka wa 1959 vijana wake walishinda Zurich, na wakaendelea kushinda hadi 1962 bila kukatiza. Tarehe 29 Mei 1968, United ilishinda Kombe la Ulaya kwa kuipiga Benfica 4 kwa 1. Charlton, aliyekuwa naye Zurich na aliyenusurika Munich, alifunga magoli mawili.

Edwards alizikwa Dudley, karibu na dada yake mdogo. Mwaka wa 1961, Busby alikwenda huko kuzindua dirisha la kioo cha rangi lililowekwa kanisani kwa kumbukumbu yake, na mwaka wa 1999 mji ulimsimamishia sanamu mbele ya macho ya mama yake. Baba yake, baada ya kuacha kiwanda, alipata kazi ya kutunza bustani katika makaburi hayohayo. Mashabiki waliofika kutafuta kaburi la Duncan walimkuta akihudumia maua.