Ionides, Bwana Nyoka wa Newala

Constantine Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki aliyezaliwa mwaka 1901, aliingia Tanganyika akiwa askari, akawa jangili wa tembo, kisha akageuka mhifadhi wa Selous.

Wenyeji walimwita Bwana Nyoka. Huko Newala alinasa maelfu ya nyoka hai kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama za ng'ambo.

Wafugaji huwathamini nyoka wa porini kwa damu yao mpya. Wachache wakifungiwa na kupandana ndugu kwa ndugu, vizazi hudhoofika; wakichanganywa na jamii nyingine, asili hupotea. Hivyo ni lazima ijulikane kila nyoka alikotoka.

Ionides, aliyekwisha kukatwa miguu kwa maradhi, alifariki dunia mwaka 1968.